Mlalamikaji Hajazaliwa

Asubuhi Mashauri alipopelekewa mashtaka ya kuwahatarisha watu ambao hawajazaliwa, mkewe Generoza alikuwa jikoni anakoroga uji. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani aliposikia hodi ni kwamba wageni wamekuja na uji hautoshi.

Wageni wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Bwana Ulimboka, afisa mazingira wa wilaya, kijana mrefu mwenye viatu vilivyong'aa hata katika vumbi la Kimamba. Wa pili alikuwa Kondo, mgambo, jirani yao wa siku nyingi, ambaye leo aliona ni salama zaidi kutazama miguu yake.

"Mwenye mapipa yupo?" aliuliza Ulimboka.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Mashauri alikuwa uani, amevua shati, anasugua pipa la bluu kwa mchanga na majivu, na mengine yamepangwa nyuma yake kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Aliyapata kwenye shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, vibarua waliajiriwa kuondoa takataka za miaka mingi kwenye maghala, na siku ya malipo msimamizi akawaambia fedha bado hazijaja kutoka Dar es Salaam, anayetaka achukue mapipa. Wenzake walisusa. Mashauri, mtoto wa wafugaji wa Shinyanga, akakodi mkokoteni. Karatasi zilizobandikwa kwenye mapipa zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hakuna aliyejua yalikuwa na nini. Lakini bomba la kijiji lilitoa maji siku lilipojisikia tu, na kabla mahindi hayajakomaa nusu ya kijiji walikuwa wanahifadhi maji ya kunywa kwenye mapipa ya Mashauri.

Ulimboka alifungua karatasi akasoma. Mashauri bin fulani, mkulima, anashtakiwa kwa kusambaza vyombo vinavyodhaniwa kuwa na mabaki ya sumu, kinyume cha sheria ndogo ya kulinda vizazi vijavyo.

"Vinavyodhaniwa na nani?" aliuliza Mashauri.

"Na mimi."

"Nani kaumwa?"

"Hakuna."

"Nani kafa?"

"Kuku wetu," Kondo aliropoka.

"Kuku wenu walikufa na kideri, Kondo. Hata wa padri walikufa, naye padri hajanunua pipa."

"Ndugu yangu, sikiliza," alisema Ulimboka kwa upole wa mtu aliyetoka semina. "Sheria za zamani zilikuwa zinangoja mtu afe ndipo zianze kutafuta aliyemuua. Hii haingoji. Ukiwa na shaka ya maana kwamba kitu kitawaharibia watakaokuja, unazuia kwanza. Ushahidi utakuja mbele ya safari. Inaitwa kanuni ya tahadhari."

Generoza, mlangoni, mwiko mkononi, alilisikia neno tahadhari likamkaa kifuani. Pipa la jikoni kwake, jua likiwa kali, lilikuwa linatoa harufu kama ya vitunguu vilivyooza. Alimwambia Mashauri mara moja. Mashauri akasema ni harufu ya plastiki, itaisha. Generoza hakurudia, kwa sababu mapipa yale ndiyo yalikuwa mshahara wote wa Mashauri, na siku alipolileta la jikoni aliandika GENEROZA kwa rangi nyeupe ubavuni, herufi kubwa, akasimama kulitazama kama mtu aliyejenga nyumba.

Wakayabeba yote ya uani, na la jikoni pia.

"Na yale yaliyoko kwa watu?" aliuliza Generoza.

"Hayo tutayafuata baada ya hukumu, mama. Kabla ya hukumu sina mamlaka ya kuingia jikoni kwa watu."

"Jikoni kwangu umeingia."

Ulimboka alifikiri kidogo. "Wewe ni mke wa mshtakiwa," alisema, akaondoka.

Hakimu Mathayo wa mahakama ya mwanzo alikuwa karibu kustaafu, na alichoomba kwa Mungu kila asubuhi ni wezi wa kuku na wanandoa wanaogombana. Alipolitazama jalada la siku ile alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakuta bado limeandikwa vilevile.

"Shauri la Mashauri!" aliita karani Happyness, na watu wakacheka hadi akaita tena.

"Mlalamikaji ni nani?" aliuliza hakimu.

Ulimboka alisimama. "Vizazi vijavyo, mheshimiwa."

Hakimu alilitazama benchi la walalamikaji, ambapo alikuwa amelala mbwa. "Wamefika?"

"Hapana, mheshimiwa. Bado hawajazaliwa."

"Kwa hiyo hawana taarifa ya kesi."

"Ndiyo maana mimi nimesimama kwa niaba yao."

"Wamekutuma?"

"Hawajanituma, mheshimiwa. Ila wangekuwepo wangenituma."

"Bwana Ulimboka," alisema hakimu, "mimi nimekaa kwenye kiti hiki tangu enzi za foleni ya sukari. Mlalamikaji asipofika mahakamani, nafuta kesi. Siwezi kumfunga mtu kwa malalamiko ya mtu asiyekuwepo."

Jasho lilianza kumtiririka Ulimboka. Macho yake yalizunguka chumba chote, yakapita kwa Kondo, yakapita kwa yule mbwa, yakaja kutua kwenye tumbo la Generoza, aliyekuwa amekaa nyuma na kanga yake ya kwendea kanisani.

"Mheshimiwa," alisema, "mmoja amefika."

Generoza alidhani wanamtafuta mtu mwingine. Aligeuka kutazama ukuta uliokuwa nyuma yake. Alipogeuka tena watu wote walikuwa wanamtazama, si usoni, chini kidogo.

"Mama, simama," alisema hakimu. "Una mimba?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuwa unakunywa maji ya mapipa hayo?"

"Nilikuwa nakunywa."

Hakimu alishusha pumzi ndefu. "Karani, mwandikishe."

Happyness alichukua kalamu. Alikuwa msichana mpole, na aliuliza kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. "Jina la mlalamikaji?"

"Bado hana."

"Umri?"

Generoza alimtazama hakimu.

"Andika hajaanza," alisema hakimu.

"Jinsia?"

"Acha wazi."

"Anapoishi?"

Mashauri, kizimbani, alishindwa kujizuia. "Kwangu!" alipiga kelele. "Anaishi kwangu! Mlalamikaji ni mwanangu!"

Lingekuwa jambo la kucheka, na wengi walicheka, kama Ulimboka asingesimama tena. Kwa hali hiyo, alisema, anaomba mlalamikaji na mshtakiwa wasilale paa moja mpaka kesi iishe, maana mshtakiwa anaweza kumshawishi.

"Nitamshawishije mtu aliyeko tumboni?"

"Kupitia mama yake. Utamletea mama vitu vizuri, mtoto atakupenda."

Hakimu alitafakari, akaona katika mambo yote aliyosikia asubuhi ile hili angalau linafanana na sheria. Akaamuru mlalamikaji, pamoja na mama anayembeba, akae nyumbani kwa karani mpaka siku ya kusikilizwa. Mapipa, yakiwa vielelezo, yabaki uani mwa mahakama.

Nyumba ya karani ilikuwa chumba na sebule nyuma ya mahakama. Mume wa Happyness alikuwa fundi wa reli Dodoma, anakuja mara chache. Happyness alimpokea Generoza vizuri, akampa kitanda, na siku ya pili tu akamwambia siri ambayo hata mumewe hakuijua: na yeye alikuwa mjamzito, miezi miwili.

Lililomuumiza Generoza lilikuwa barabarani. Wanaume waliokuwa wanampisha kwa heshima sasa walisimama. "Mlalamikaji hajambo?" waliuliza, wakichungulia kanga. Sokoni mama mmoja alimwambia aone haya kumshtaki mume wake kwa kutumia mtoto. Mwingine alimvuta pembeni akamwuliza kama serikali inalipa. Padri alimsalimia yeye, kisha akainama kidogo akalisalimia tumbo.

Mashauri aliruhusiwa kumwona Jumapili, Kondo akiwa amesimama katikati yao na rungu.

"Umekula?" Mashauri aliuliza.

"Nimekula."

"Nimekuletea karanga."

"Karanga haziruhusiwi," alisema Kondo kwa huzuni. "Ni ushawishi."

Mashauri alizirudisha mfukoni. "Generoza, siku ukiitwa sema hujadhurika. Neno moja. Watanifunga, na pamba iko shambani."

"Lile pipa lilikuwa linanuka, Mashauri."

"Umekunywa muda wote huo hukusema kitu."

"Nilisema. Ukasema plastiki."

"Ungesema tena!"

"Ulikuwa umeandika jina langu," alisema Generoza. "Ulikuwa umefurahi. Ningesemaje tena?"

Mashauri alimtazama, akatazama chini. Kondo alikohoa, akasema muda umekwisha, ingawa hapakuwa na aliyepanga muda.

Wiki ile bomba lilikauka kabisa, na mvua zikaanza. Generoza alikuwa anakinga maji yake kwa sufuria nje ya mlango. Asubuhi moja alimkuta Happyness anatia majani ya chai kwenye birika kubwa la mahakamani.

"Happy, maji hayo umeyapata wapi wakati bomba limekauka?"

"Kwenye kielelezo."

Generoza alitoka nje. Mapipa yalikuwa yamesogezwa chini ya michirizi ya paa la mahakama, yamejaa maji ya mvua pomoni, na la mbele kabisa lilikuwa lile lenye jina lake. Kikombe cha bati kilielea ndani.

"Mnakunywa haya?"

"Hakimu aliagiza yasogezwe. Maji yasipotee bure."

"Kesi si inasema yana sumu!"

"Kesi inasema inadhaniwa," alisema Happyness, akirudia kama alivyoambiwa. "Hakimu anasema mahakama ikikataa kuyanywa itakuwa imeshahukumu kabla ya kusikiliza. Lazima tuwe katikati."

"Wewe una mtoto tumboni. Wewe usiwe katikati. Chukua ya kwenye sufuria yangu."

Happyness aliahidi. Siku nyingine alikumbuka, siku nyingine sufuria ilikuwa tupu na pipa liko karibu.

Siku ya kesi watu walikuja hadi kutoka Msowero. Generoza alipandishwa kizimbani, akaapa kwa niaba ya watu wawili.

"Umedhurika?" aliuliza hakimu.

Mashauri alimkodolea macho. Ulimboka naye alimkodolea macho.

"Sijui, mheshimiwa."

"Mtoto amedhurika?"

"Sijui."

"Maji yalikuwa na sumu?"

"Sijui. Yalikuwa na harufu."

"Mama," alisema hakimu, akinyoosha mkono kwenye kikombe chake cha chai, "umekaa nyumba ya serikali mwezi mzima, umekula chakula cha karani, halafu hujui kitu? Unataka nini basi?"

"Nataka mapipa yaondolewe majumbani kwa watu, mheshimiwa. Kwa sababu sijui. Ningejua ni mazima ningeyarudisha jikoni kwangu. Ningejua ni mabaya ningesema. Sijui, na mtoto nimeshambeba. Hata wewe, mheshimiwa, hiyo chai umepikiwa kwa maji ya kielelezo, na hujui."

Hakimu alikuwa amekinyanyua kikombe nusu ya safari. Ulimboka, aliyekuwa amepewa chai ileile kama mgeni, alikitazama kikombe chake kitupu, na rangi ya uso wake ikabadilika. Alikiweka chini ya benchi polepole, akakaa amejishika tumbo.

Wengine walisema baadaye kwamba hapo ndipo Mashauri alipookolewa, na ni kweli. Generoza aliuona uso wa mzee yule. Aliona anavyotafuta njia, na njia zilikuwa mbili. Akisema mapipa yana sumu, basi amekunywa sumu siku zote hizo, yeye na karani wake na wageni wake, kwa amri yake mwenyewe. Akisema hayana, basi ni mzima.

Hakimu aliinua kikombe, akanywa chai yote hadi majani, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Mahakama imekunywa," alisema. "Mahakama ni nzima. Mshtakiwa hana hatia. Arudishiwe mapipa yake, na mlalamikaji arudi nyumbani kwao."

Watu walipiga vigelegele. Mashauri alibebwa juujuu. Ulimboka hakuonekana, alikuwa nyuma ya jengo anatapika, na mpaka leo haijulikani kama ni sumu au ni woga. Kabla ya jua kuzama mapipa yote yaliyorudishwa yalikuwa yameshapata wanunuzi. Nani asingetaka pipa lililopimwa na serikali? Hata lile lenye jina la Generoza liliondoka. Alilikataa lisiingie jikoni, na Mashauri, kwa furaha ya ushindi, hakubishana.

Mtoto alizaliwa zahanati, msichana, na kilio kikubwa. Mkunga alimgeuza huku na huku akasema ni mzima. Generoza alimhesabu vidole, akamtazama macho, akamnusa kichwa. Hakuona kitu. Akajua kwamba atakuwa anamtazama hivyohivyo akiota meno, akianza shule, akiolewa.

Siku chache baadaye Happyness alikuja kumwona. Alikuwa amekonda. Mimba yake ilikuwa imetoka wiki iliyopita. Nesi alisema huenda ni malaria, maana malaria alikuwa nayo pia. Alimpakata mtoto, akamtazama vidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, kama alivyouliza umri na jinsia siku ile, kwa sauti ya chini.

"Dada, ni yale maji?"

"Sijui, Happy."

"Na mimi sijui," alisema Happyness, akalia bila sauti, machozi yakidondokea kanga ya mtoto.

Mashauri alikuwa mlangoni, ameshika kuku aliyetaka kumchinjia mgeni. Alisimama hapohapo mpaka kuku akamponyoka.

Kesho yake alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Generoza alifuatana naye, mtoto mgongoni. Mashauri aliwasihi watu wamrudishie mapipa, atawapa madumu ya mafuta badala yake, atawalimia. Walimcheka. Mama Hildegarda, aliyekuwa anapika pombe ya komoni na ana mapipa mengi kuliko mtu yeyote, alimsikiliza akiwa amejishika kiuno.

"Shikamoo mama," Mashauri alianza. "Yale mapipa nina wasiwasi nayo."

"Marahaba. Si ulishinda kesi?"

"Nilishinda, mama. Lakini..."

"Hakimu mwenyewe si alikunywa?"

"Alikunywa."

"Basi umepata mteja wa bei nzuri zaidi, unataka kunizunguka. Nenda, mwanangu, usinitie hasira."

Walikwenda kwa Ulimboka, Kilosa mjini. Alisema hana la kufanya, mahakama imeshasema. Walikwenda kwa hakimu. Mashauri aliomba kukata rufaa. Hakimu alimwuliza anakata rufaa ya nini mtu aliyeachiwa huru, na alipoelezwa akamfukuza kwa kelele, huku amejishika tumbo, kama ilivyokuwa tabia yake siku hizo.

Wakiwa njiani kurudi, jua linawachoma, Generoza alisema kwa uchungu tu, bila kukusudia kitu, "Watu wa hapa hawaogopi sumu. Wanaogopa polisi."

Mashauri alipunguza mwendo, akatembea nyuma yao mpaka nyumbani.

Asubuhi alivaa shati lake la kanisani. Alimchukua mtoto kitandani, akamshika vibaya kama kawaida yake, akamrudisha. Generoza alipoliona lile shati alielewa.

"Mashauri, hapana. Ulipewa yale. Yalikuwa jasho lako."

"Nani aliona nikipewa? Wenzangu walisusa."

"Watakuita mwizi mpaka unazeeka. Na huyu watamwita mtoto wa mwizi."

"Acha waite," alisema. "Atakuwepo wa kuitwa."

Akaenda kituo cha polisi, akasema mapipa yote aliyouza aliyaiba kwenye ghala la shamba la mkonge.

Safari hii hapakuwa na ugumu wowote. Mlalamikaji alikuwepo: mwekezaji alileta msimamizi wake, ambaye aliapa kwamba hajampa mtu pipa hata moja, na alifurahi kuapa, maana sasa hakuna atakayemwuliza ule mshahara. Mshtakiwa amekiri. Hakimu Mathayo alisikiliza yote kwa uso uliotulia, kama mtu aliyerudishiwa nchi yake. "Hii sasa ndiyo kesi," alimnong'oneza karani. Akampa Mashauri miezi sita. Happyness aliandika hukumu hiyo, na alipofika mwisho alilazimika kutoka nje.

Polisi walipita na kipaza sauti: yeyote mwenye pipa la bluu alipeleke kituoni, atakayekutwa nalo atashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Waliokataa kumsikiliza Mashauri hawakungoja tangazo la pili. Msimamizi alipoulizwa kama wayapeleke shambani, alisema kwa haraka hapana, bosi wake ameyasamehe, wayatupe popote. Bwana Ulimboka akaja mbio kutoka Kilosa na watu wa kuchimba shimo la kuyafukia.

Generoza alikaa kizingitini akimnyonyesha mtoto, akiwatazama wanavyopita. Yalisukumwa kwa mikono, kwa miguu, kwenye baiskeli, kwenye toroli, barabara nzima ikinguruma. Kila aliyepita hapo alikuwa na neno la kumtupia. Wa mwisho alikuwa Mama Hildegarda, jasho linamtoka, anasukuma la kwake la mwisho kwa teke.

"Mume wako mwizi, Generoza!"

"Ndiyo, mama," alisema Generoza, akakunja miguu ili pipa lipite.